Manyoya ya Jogoo Mtoni Kilombero: Mafunzo Niliyopata

Katika nchi za baridi wapo wavuvi wasioahirisha mambo. Theluji ikiwa bado kandokando ya mto, wao wamesimama majini na suruali za mpira zinazofika kifuani, wanamrushia trauti nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi. Wanaanza baridi ikiwa imekaza, wanaendelea hadi miti inapochipua. Kwetu Ifakara mtu wa namna hiyo angepata mawili: jasho na mamba.

Trauti hatunaye. Ni samaki wa maji ya baridi, na mji wetu hauzidi mita 300 kutoka usawa wa bahari, kwenye joto la kuivisha mpunga. Waingereza walimpeleka kunakomfaa. Kenya alifikishwa mwaka 1905, akaachiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na baadaye akapandikizwa hata kwenye nyanda zetu za juu kusini. Lakini maji ya nyanda hizo hayakai huko juu. Yanateremka kwa mto Mnyera na mto Ruhudji, yanakutana bondeni na kuwa Kilombero, na humo ndani anaishi samaki ambaye akikutana na trauti atamla.

Huyo tunamwita taiga, kama wageni wanavyomwita. Ubavu wake ni wa fedha wenye mistari myeusi, mapezi yana wekundu wa machungwa, na meno yako nje hata akifunga mdomo. Wataalamu wa samaki wameiita jamii yake Hydrocynus, na mmoja wao, Hydrocynus tanzaniae, aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1986, ni wa mito yetu hii ya mashariki, Rufiji na Ruvu. Kuna watu wanaotoka mabara mengine, wakapanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi kwenye viwanja vya nyasi huko juu, ili wamrushie manyoya samaki huyu katika Mnyera na Ruhudji, ambako wametolewa taiga wa zaidi ya kilo 9.

Mimi sikupanda ndege. Shemeji yangu aliwahi kuendesha boti za wageni hao, akarudi nyumbani Ifakara na fimbo iliyokwisha kutumika, mishipi miwili na maneno mengi. Tangu hapo kipupwe kikiingia natafuta mwenye mtumbwi, na sitoki mtoni moja kwa moja hadi mvua za kwanza. Niliyojifunza ni haya.

1. Samaki wa Julai ametengenezwa na mvua ya Aprili

Anayeanza huuliza samaki yuko wapi. Shemeji alinizoesha kuuliza kwanza maji yalikuwa wapi miezi mitatu iliyopita.

Bonde letu limebanwa kati ya milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Masika yakikolea, Machi na Aprili, mito inashindwa kukaa ndani ya kingo zake, na maji yanatanda mbugani hadi macho yanachoka. Eneo hilo linalofurika, hekta 796,735, liliingizwa mwezi Aprili 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mkulima wa mpunga huyatazama mafuriko kwa jicho lake, na mwenye nyumba ya udongo kwa jicho jingine. Kwa samaki hiyo ndiyo sikukuu. Perege, kambale na vidagaa vya kila aina hutoka mtoni, wakaingia kwenye nyasi zilizozama, wakataga, wakala wadudu, mbegu na chochote kinachooza. Vifaranga wao hukulia humo, mbali na mkondo, mbali na meno.

Kuanzia mwezi wa sita maji hurudi. Hayarudi kwa mkupuo. Hujikusanya kwenye vijito na mifereji iliyojificha ndani ya matete, na kila mfereji una mahali pake pa kuingilia mto mkubwa. Vifaranga hawana njia nyingine ya kutoka. Taiga wanalijua hilo kuliko mimi na wewe, wanakaa pale mdomoni, kwenye kina kidogo cha upande wa chini, wanangoja.

Ukitaka kupatambua, tazama rangi. Maji ya mbugani yamelalia majani yaliyooza, hutoka na wekundu wa chai ya rangi, ilhali mto wenyewe bado una kijivu cha udongo. Zinapokutana rangi hizo mbili kuna mstari, siku nyingine unaonekana wazi, siku nyingine mpaka usimame mtumbwini na jua likiwa nyuma yako. Manyoya yako yapite hapo, yatoke kwenye wekundu yaingie kwenye kijivu, kwa kuwa ndiyo njia ya kifaranga.

Mifereji hiyo hukauka mmoja baada ya mwingine. Ule uliokupa samaki Julai, mwishoni mwa Agosti ni tope lenye nyayo za ndege na nguruwe pori. Kwa hiyo mahali pa kuvulia panahama, nami nahama napo. Na mwaka ambao mvua zilikuwa haba na mbuga hazikufurika sawasawa, msimu mzima samaki ni wachache na wamekonda, na hakuna ufundi wa mkono unaoweza kuziba pengo hilo. Fimbo yangu, mgono, yaani mtego wa fito, wa mzee wa Kindamba na wavu wa jirani yake vyote vinavuna kitu kimoja: maji yaliyopata nafasi ya kutoka nje ya mto.

2. Kipupwe, usiwahi

Wageni, niliambiwa, hupenda kuamka alfajiri. Kwao mvuvi ni mtu wa kuwahi. Mwezi wa saba bondeni alfajiri ni ya wachoma mkaa na wauza uji. Ukungu umekaa juu ya mto, upepo unateremka kutoka Udzungwa, na maji yamepoa vya kutosha kumfanya taiga mzito. Hali, au akila anakula kivivu, na amekaa chini kabisa.

Saa nne jua likiwa limepata nguvu, mambo huanza kubadilika, hasa kwenye maji mafupi yenye mchanga, ambayo hupata joto kwanza. Nafunga mshipi unaozama, naurusha kukata mkondo, naacha uzame nikihesabu polepole, kisha navuta kwa vipande vifupi vyenye mapumziko. Mapumziko ndiyo yenye kazi. Mara nyingi hukamata manyoya yakiwa yamesimama, wakati mtu anafikiria chakula cha mchana.

Mwezi wa tisa na wa kumi kila kitu kinageuka. Jua la mchana ni kali, mto umepungua, maji yamesafika, na taiga amechangamka kupita kiasi. Hapo sasa ndipo pa kuwahi alfajiri, au kungoja jioni, na kuvuta kwa kasi kana kwamba unataka kumnyang'anya. Katikati ya siku lala chini ya mwembe. Wengi wanaosema Kilombero haina samaki walikuja mwezi wa saba wakavua kama mwezi wa kumi.

3. Kinachoruka ni mshipi

Anayetazama kwa mara ya kwanza hucheka. Mtu amesimama kwenye mtumbwi anapeperusha uzi mnene wa rangi mbele na nyuma, mbele na nyuma, na samaki bado hajaguswa. Watoto wa kijiji cha Kivukoni walikuwa wakiniuliza nafukuza nini.

Katika uvuvi wa mshipi wa mkono tuliouzoea, risasi au jiwe la chini ndilo linalobeba ndoano kwenda mbali. Manyoya hayana uzito, ukiyatupa yanakurudia usoni. Kwa hiyo uzito umewekwa ndani ya mshipi wenyewe: ni mnene, na fimbo ikipindwa huusukuma ukajikunjua hewani hadi mwisho, ukiburura manyoya nyuma yake. Siri iko katika kungoja. Mshipi ukiwa nyuma yako lazima uache unyooke ndipo usukume mbele. Ukiharakisha unalia kama kiboko cha mchunga ng'ombe na manyoya yanakatika. Shemeji alinifundishia uwanjani, bila maji, akifunga kipande cha kitambaa mahali pa ndoano, na alinikataza kutumia nguvu. Hakuwa na maelezo mengi. Alikuwa akisema "bado", kisha "sasa", "bado", "sasa", hadi jua likazama.

Mtumbwi una somo lake la ziada. Mtumbwi wa gogo moja ni mwembamba, na mwenye pondo amesimama nyuma yako. Kila unaporudisha mshipi nyuma, ndoano inapita karibu na sikio lake. Mkubaliane mapema nani anarusha upande gani, na avae kofia.

4. Duka la vifaa liko sokoni

Manyoya yanayouzwa nje kwa ajili ya uvuvi huu ni ghali, na kufika kwake Ifakara ni safari. Lakini hakuna kitu ndani yake ambacho hatuna. Manyoya marefu ya shingo ya jogoo wa kienyeji hunyumbulika majini vizuri mno, na wachinjaji wa kuku sokoni hunipa bure, wakinitazama kwa huruma. Nywele za mkia wa mbuzi mweupe hutoa tumbo la samaki. Nyeusi hutoa mgongo. Uzi natoa kwa fundi cherehani. Vipande vya makaratasi yanayometameta ya mapambo ya harusi hutoa mng'ao wa magamba. Unafunga yote kwenye ndoano kubwa na ngumu, unafunika kichwa kwa gundi, na una kifaranga cha samaki chenye urefu wa kidole cha kati au zaidi. Kwa taiga usifunge kidogo. Amezoea kumeza samaki wa karibu nusu ya urefu wake.

Tena hachagui sana. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2014 ushahidi wa taiga wa bwawa la Schroda, ndani ya hifadhi ya Mapungubwe, wakiruka na kuwadaka mbayuwayu wanaopita juu ya maji. Samaki anayekula ndege angani hatakuuliza kama manyoya yako yamefungwa na fundi.

Kinachokataa mzaha ni waya. Kati ya manyoya na mshipi lazima kuwe na waya wa chuma, urefu wa shubiri na nusu hivi, la sivyo meno yale yanakata kila kitu kwa mguso mmoja. Wageni huja na waya laini unaofungika fundo. Ifakara ni mji wa baiskeli, na kamba ya breki ikifumuliwa hutoa nyuzi nyembamba za chuma. Nazisokota mbili, nazipinda kwa koleo. Hukunjika na kushika kutu baada ya samaki wachache, ndipo nabadilisha. Fundi baiskeli wangu ameacha kuuliza.

5. Usinyanyue fimbo

Mvuvi wa trauti akigongwa, hunyanyua fimbo. Ukimfanyia taiga hivyo umempoteza, maana mdomo wake ni mfupa mtupu na ndoano haina pa kuzama ila pembeni, kwenye kona ya taya. Fimbo ibaki imeelekea majini. Mkono wa kushoto ndio uvute mshipi, kwa nguvu, mara mbili, tatu. Kisha ataruka. Akiruka, kichwa chake kinatikisika na nusu ya samaki wako wanaondoka hapohapo. Zoea.

6. Hapa haturuki majini

Vitabu vya uvuvi wa trauti vina sura nzima za namna ya kutembea mtoni bila kuteleza. Kwetu ukurasa huo ni mfupi: usiingie. Mamba wa Kilombero wanafahamika, na maji mafupi ya pembeni, yanayoonekana salama, ndiyo wanayoyapenda. Usinawe mikono kwa kuinama ukingoni mahali usipopajua, tumia kopo. Samaki akinasa chini ya gogo, kata mshipi.

Hata hivyo anayenipa wasiwasi zaidi ni kiboko. Kiangazi kikizidi na mto kupungua, viboko hukusanyika kwenye vina vilivyobaki, na vina hivyohivyo ndivyo taiga wanavyokaa. Mwenye mtumbwi anayejua kazi yake hupita pembeni kwenye maji mafupi na kuwaachia viboko kina chao, na kabla ya kona hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili wajitokeze tuwahesabu. Nikichukua mtu mpya namtazama kwenye kona ya kwanza. Asipogonga, turudi.

Yapo na madogo. Jioni mbu ni wengi, na kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia. Huu ni mji uliofanya utafiti wa malaria tangu maabara ya Waswisi ilipofunguliwa hapa mwaka 1957, taasisi ambayo leo inaitwa Ifakara Health Institute, na bado nawaona vijana wanaovua usiku wakiwa kifua wazi.

7. Mzee wa migono

Karibu na mahali ninapoegesha kuna mzee wa Kindamba ambaye mitego yake ya migono, iliyosukwa kwa fito, hukaa kwenye midomo ya mifereji ileile ninayoitafuta mimi. Wandamba ni watu wa mto huu kwa asili, na yeye hahitaji kutazama rangi ya maji. Amekwisha kuijua tangu wiki iliyopita. Siku ya kwanza aliponiona nikimtoa taiga wa haja, nikamtoa ndoano nikamwachia, alisimamisha mtumbwi wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyo samaki amekukosea nini?"

"Hajanikosea, babu."

"Sasa mbona umemtoboa mdomo kisha ukamfukuza?"

Nilimweleza kama shemeji alivyonieleza: samaki mkubwa ndiye anayetaga mayai mengi, ukimwachia utamkuta tena, wageni hulipa ili wamkamate samaki huyohuyo mara nyingi. Alinisikiliza kwa adabu yote ambayo mtu mzima humpa mtoto anayesimulia ndoto. Kisha akasema kwamba yeye huacha samaki vilevile: fito za mgono wake zina nafasi kati yake, na wadogo hupita. Wakubwa huwapeleka nyumbani. "Wewe unawala wakubwa kwa macho na kuwaachia," alisema, "mimi nawaachia wadogo na kula wakubwa. Tuone nani atashiba."

Sijapata jibu la kumtosha, na siku hizi silitafuti. Kumwachia samaki kuna maana pale ambapo mtu amekuja kucheza. Asiyekuja kula hana sababu ya kuua. Lakini kuligeuza tendo hilo kuwa kipimo cha nani anapenda mto na nani anauharibu ni kumdhulumu mtu kama huyu, ambaye amevua humo maisha yake yote kwa chombo kinachooza chenyewe kikisahauliwa majini. Nimesikia mazungumzo ya namna hiyo kwa watu waliovaa miwani mizuri ya jua, nikanyamaza kwa heshima ya mwenyeji.

Nikimwachia, namwachia vizuri. Kile kijino cha ndani ya ndoano nakibana kwa koleo kabla sijaanza kuvua, ili ndoano itoke bila kuchana. Samaki habebwi juu muda mrefu wala hapakatwi kifuani kwa ajili ya picha. Namshika mkiani na chini ya tumbo, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, hadi apige mkia mwenyewe. Kipupwe hurudiwa na nguvu upesi, kwa kuwa maji yaliyopoa yana hewa zaidi. Oktoba, maji yakiwa vuguvugu, taiga aliyepigana sana huweza kufa mkononi mwako ukidhani umemwachia. Mwezi huo afadhali uache mapema, au upeleke nyumbani wale uliowachosha.

8. Wakubwa wako pasipofika nyavu

Karibu na daraja la Magufuli, lililofunguliwa 2018 na kukomesha enzi za kivuko, taiga wapo, lakini wengi ni wa kilo moja, mbili. Ukipanda juu, kwenye Mnyera na Ruhudji ndani ya vitalu vya uwindaji, wanakuwa samaki wengine kabisa. Maji ni ya mto uleule. Tofauti ni nyavu, na tofauti ya nyavu ni ulinzi: huko juu mvuvi wa kawaida haruhusiwi kuingia.

Kwa hiyo wageni wanapousifia mto usioguswa, wakumbuke kuna waliozuiwa kuugusa. Mipaka ya uhifadhi bondeni imekuwa ikikaza. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Sababu zipo. Sheshe, swala wa mbuga hizi, ambaye hapa ndipo palipokuwa na kundi lake kubwa kuliko popote Afrika, amepungua sana, na mbuga alizokuwa akilisha zimekuwa mashamba na malisho. Nakubaliana na nia. Ila nikihesabu nani amelipa, namwona mwenye migono kabla ya mwenye trekta.

Nyavu nazo si za aina moja. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinakataza nyavu za matundu madogo, makokoro na sumu, na hapo sina mjadala. Kinachoniuma ni chandarua. Kilombero na Ulanga ni miongoni mwa sehemu ambako vyandarua vyenye dawa vilienezwa na kupimwa kwa umakini miaka ya 1990, vikaokoa watoto. Chandarua hichohicho kikikokotwa kwenye mfereji mwezi wa saba hubeba vifaranga wote waliokuwa wakisubiriwa na taiga, na mgono, na mimi. Kilo moja ya vidagaa hivyo kwenye fungu la sokoni ni samaki wangapi wa mwakani, kila mvuvi anajua, na anayekokota anajua pia. Ana njaa ya leo. Sijaona bango lililomshinda mtu huyo. Nimeona kikundi cha wavuvi wenyewe kikimfuata nyumbani kwake, na hiyo ikafaa.

9. Maji yetu yana wateja wengi

Nisingejua mambo ya umeme kama si uvuvi. Karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linayategemea. Taa ya Kariakoo na samaki wa Ifakara wanakunywa mahali pamoja.

Hili lingeweza kuwa heri yetu, kwa sababu sasa kuna mkubwa mwenye haja ya kuona mto hautikiswi. Hofu yangu ni namna haja hiyo inavyopimwa. Mwenye mitambo huhesabu maji yanayofika. Samaki huhesabu yanayotanda. Tuta refu la kukinga shamba lisifurike halimnyimi mwenye mitambo kitu, lakini linafunga mlango wa mbuga. Pampu zinazonyonya mto mwezi wa tisa humkuta taiga kwenye kina kilichobaki na kukipunguza zaidi. Tunao mfano jirani. Mto Kihansi, mmoja wa mito inayolisha bonde hili, uligeuziwa mitambo ya umeme mwaka 2000, na chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yake akatoweka porini baada ya miaka michache. Mto haukukauka. Manyunyu ndiyo yaliyopungua, na ikabidi kizazi cha chura huyo kitunzwe kwenye bustani za wanyama za Marekani kabla ya kurudishwa nchini.

Kwa hiyo mwezi wa nne, wakati sina hata ndoano moja iliyofungwa, naenda barabarani kuelekea darajani na kutazama maji yamefika wapi. Jamaa zangu wa Ifakara wenye nyumba mabondeni hawapendi kunisikia nikisema yafike mbali.

10. Kwa anayetaka kuja

Njoo kati ya Agosti na Oktoba. Treni ya TAZARA inasimama Ifakara. Basi hupita Mikumi na Kidatu. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla hujagusa maji, na uulize pia wapi pori la akiba linaanzia, kwa kuwa mto hauna uzio. Usikodi mtumbwi bila mwenyewe. Mlipe kwa siku nzima hata kama utavua saa mbili, naye ndiye aamue mtapita wapi. Fimbo ya trauti ya kawaida iache nyumbani, ni nyembamba mno. Lete nzito, ya kuvulia baharini, na koleo refu la kutolea ndoano, maana vidole vyako utavihitaji tena.

Na kama samaki wako wa kwanza ametokwa damu kwenye matamvua, usijisumbue kumrudisha, hataishi. Taiga ana miiba mingi midogo ndani ya nyama, ndiyo maana sokoni watu humpita wakachukua perege au kitoga. Mparue magamba, mchanje ubavuni kwa kisu kikali, mistari iliyokaribiana sana hadi usikie miiba ikikatika, mpake chumvi na ndimu, umkaange kwa mafuta mengi yaliyochemka. Wali wa Ifakara hauhitaji maelezo.